Kabla uinue Cruiser yako: historia ya springi za nyuma huku kwetu Garissa

Wiki jana niliposti klipu ya sekunde 14. Cruiser ya abti, ile pickup, inapanda ukingo wa laga ikiwa na mbuzi 20 na kitu nyuma. Ukiicheza polepole unaona kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona, na tumekaa juu yake maisha yetu yote. Kabla tairi la nyuma lishike mchanga, ekseli nzima inajigeuza. Pua ya difu inainuka, springi inajikunja kama herufi S, halafu inajirudisha kwa hasira, tu-tu-tu-tu, gari linaruka palepale bila kwenda mbele.

Komenti zilikuwa nyingi lakini ukizichuja ni mbili tu. Ya kwanza: "Ongeza springi." Ya pili: "Inua gari na bloku, itatoka."

Hiyo ya pili mimi nilishaifanya. Nitawaambia ilinigharimu nini, tulieni. Lakini kwanza nataka tuongee kuhusu hiyo ya kwanza, kwa sababu kila mtu NEP anaisema kama dua, na hakuna anayeuliza ilianzia wapi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya injinia, kwa hivyo sina karatasi ya kuwaonyesha. Nina gari lililovunjika na wazee wa kuwauliza. Endelea kusoma ukitaka.

Tuanze na kile kinachotokea chini ya gari. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 ambayo nusu ya magari ya kazi huku inayo, inatoa nguvu ya kuzungusha ya kama Nm 285. Peke yake si kitu cha kutisha. Lakini gia ya kwanza inaizidisha karibu mara 4, gia ndogo ya fowili karibu mara 2 na nusu, na difu karibu mara 4 tena. Piga hesabu: ni kama mara 40. Ukigawa mbele na nyuma, ekseli ya nyuma bado inabaki na zaidi ya Nm 5,000. Chukua spana ya urefu wa mita 1, halafu waning'inize watu 8 wa kilo 70 kwenye ncha yake. Hiyo ndiyo nguvu inayozungusha magurudumu ya nyuma kwenda mbele.

Sasa, ukisukuma ukuta, ukuta nao unakusukuma. Magurudumu yakizungushwa kwenda mbele, nyumba ya ekseli inataka kuzunguka kwenda nyuma, kwa nguvu ileile. Nani anaizuia? Kwenye gari la springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hakuna mtu mwingine. Ni springi peke yake. Ndiyo hiyo hiyo inayobeba mbuzi, inayoshika ekseli isihame kulia au kushoto, na inayopokea breki. Ikilemewa inasokoteka, ikichoka kusokoteka inajiachilia, na ikijiachilia ghafla kitu kinavunjika. Mara nyingi ni jointi ya propela. Wakati mwingine ni senta bolti, au jani kuu la springi lenyewe, na hapo uko porini na maji lita 5.

Hii springi haikuzaliwa kwa kazi hiyo, na ndiyo maana nimeiita historia. Mwingereza mmoja, Obadiah Elliott, alipata hati ya ubunifu wa springi za aina hii kwa magari ya farasi mwanzoni kabisa mwa miaka ya 1800. Gari la farasi linavutwa. Gurudumu lake halisukumi chochote, linafuata tu. Springi ilikuwa na kazi moja, kubeba. Karne moja baadaye gari la injini likaja, gurudumu likaanza kusukuma, na wabunifu wakagawanyika. Ford kwenye Model T ya 1908 aliifunika propela ndani ya bomba nene lililoshikana na ekseli, bomba likabeba ule msokoto. Wengine wakafuata njia inayoitwa mpaka leo kwa jina la kampuni ya Kifaransa, Hotchkiss: toa bomba, acha propela wazi, na ule msokoto mwachie springi. Ilikuwa rahisi, nyepesi, na bei nafuu. Springi ikaongezewa kazi ya pili bila kuongezewa mshahara.

Kwenye lami ya Ufaransa hiyo ilikuwa sawa kabisa. Shida ni kwamba magari hayo hayakubaki kwenye lami.

Malori yalikuja Garissa kwa wingi wakati wa vita. Sisemi ya Shifta, nasema ya kabla. Mwanzoni mwa 1941 jeshi la Uingereza, likiwa na askari kutoka Afrika Kusini, Gold Coast, Nigeria na sisi wenyewe wa King's African Rifles, lilitoka upande huu wa Tana kuwafukuza Waitaliano Somalia. Garissa na Bura ndizo zilikuwa sehemu za kuvukia. Kismayu ilianguka katikati ya Februari 1941, na Mogadishu tarehe 25 mwezi huohuo. Fungua ramani uone umbali huo, halafu ufikirie mchanga, halafu ufikirie kila tone la petroli na maji linabebwa na lori. Vita vile vilishindwa na madereva na mafundi sawa na vile vilishindwa na bunduki. Waliotengeneza njia hiyo walikuwa wanajeshi, kwa mahitaji ya wanajeshi, na vita vilipopita mbele, barabara haikuwa tena shida ya mtu yeyote mwenye pesa.

Na haikuwa bahati mbaya. Tangu 1926 eneo letu, Northern Frontier District, lilikuwa limefungwa kisheria, huingii wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya wilaya maalum. Nchi iliyofungwa haihitaji barabara nzuri. Inahitaji njia moja ya askari na kizuizi kimoja. Ndiyo maana wazee wetu mpaka leo wakipanda basi kwenda Nairobi wanasema "naenda Kenya". Watoto wa TikTok mnacheka, lakini jiulizeni walijifunza wapi kuongea hivyo.

Halafu ikaja 1963. Uhuru mwezi wa Desemba, na kabla mwezi huo uishe tuko kwenye hali ya hatari. Vita vya Shifta vilienda mpaka makubaliano ya Arusha ya 1967, lakini sheria za hali ya hatari zenyewe hazikuondolewa mpaka 1991. Miaka 28. Mengi yaliyotupata katikati nimeyaandika kwingine na sitayapitisha hapa haraka haraka kama vile ni habari ya magari. Kinachohusu springi ni hiki: kwenye vita hivyo mabomu ya ardhini yalizikwa barabarani. Barabara yenyewe ikawa kitu cha kuogopa. Ukiwa dereva unafanya nini? Unatoka barabarani. Unapita kando, kwenye mchanga laini, ndani ya laga, unakata njia yako mwenyewe kati ya miti ya migunga. Na tangu 2011, mabomu ya kutegwa yaliporudi kwenye njia zetu, kuna madereva wanaofanya vilevile. Babu alikwepa, mjukuu anakwepa. Ule mchanga unaosokota springi wengi hawakuuchagua.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilikasirika nikisoma. Mwaka 1965 serikali ilitoa Sessional Paper Namba 10, ile karatasi ya ujamaa wa Kiafrika na mipango ya nchi. Shuleni tuliifundishwa kama jina la kukariri kwa mtihani. Ndani yake kuna sehemu inayosema pesa za maendeleo zipelekwe mahali zitazaa zaidi, yaani sehemu zenye ardhi nzuri, mvua, rasilimali, watu walio tayari kwa maendeleo, na pia usafiri na umeme. Soma hiyo ya usafiri tena. Ili ujengewe barabara, uwe tayari una njia ya usafiri. Ni kama kumwambia mtu atapewa viatu akishafika kwa kutembea.

Sisi hatukuwa na mvua, hatukuwa na umeme, hatukuwa na barabara. Kwa hivyo tukajenga kile tulichoweza kujenga wenyewe, na kile kilikuwa chini ya gari.

Waulize mafundi wazee wa hapa mjini. Lori jipya likifika, kitu cha kwanza kabla halijabeba hata gunia moja, linapelekwa gereji, springi za nyuma zinafunguliwa, yanaongezwa majani. Moja, mawili, mengine matatu. Yanatoka kwenye malori yaliyokufa. Kuna chuma chini ya lori la Fuso leo ambacho kilianza maisha kwenye Bedford ya mtu aliyezikwa zamani. Hakuna aliyesomea. Ni hesabu ya mtu anayejua kwamba Garissa mpaka Wajir ni zaidi ya kilomita 300, na kwamba mvua ikinyesha utakaa njiani wiki nzima ukilala juu ya magunia ya sukari na taniboi wako. Springi nyingi maana yake ni mzigo mwingi, na mzigo mwingi ndio njia pekee safari kama hiyo inalipa. Mteja kule Mandera analipa bei ya unga pamoja na bei ya kila springi iliyovunjika kuufikisha. Kodi ya barabara tulilipa, wallahi. Tulilipa kwa chuma.

Land Rover ndiyo ilitawala kwanza, baadaye Land Cruiser ikachukua kiti. Toyota ilianza kuunganishwa Mombasa, pale AVA, na ile familia ya 70 ambayo mnaipenda ilitoka Japani mwishoni mwa 1984. Zamani ilikuwa na springi za majani mbele na nyuma. Mwaka 1999 Toyota wakabadilisha mbele, wakaweka koili. Nyuma wakaacha majani, mpaka leo, kwenye pickup ya 79 na ile ndefu ya 78 inayotumika kama ambulansi kaunti zote za huku. Watu wanauliza mbona Toyota ni washamba hivi, wakati Range Rover ilikuwa na koili nne tangu 1970. Si ushamba. Koili haishiki ekseli, inabeba tu. Inahitaji vyuma vingine vya kuishika ekseli mahali pake. Vyuma hivyo ndivyo vinabeba msokoto, na ndiyo maana gari la koili halina huu ugonjwa tunaouzungumzia. Lakini kimoja kikikatika kati ya Modogashe na Habaswein umekwisha. Jani la springi likikatika, unafunga na kamba ya mpira wa tairi, unatia kipande cha mti wa mgunga kati ya ekseli na chesi, unafika. Nimeona kwa macho yangu.

Kwa hivyo yule anayesema "ongeza springi" anazungumza kutoka kwa kumbukumbu ndefu kuliko anavyojua. Na hajakosea kabisa. Majani zaidi yanafanya springi iwe ngumu, na springi ngumu haisokoteki kwa urahisi. Tatizo ni kwamba yale majani yaliongezwa kwa sababu ya mzigo. Yalikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Yakiwekwa chini kabisa ya fungu, kama wengi wanavyofanya, hayafanyi kazi vizuri mpaka gari lilemewe. Gari likiwa tupu ule msokoto unaingia kwa majani ya juu, vilevile kama jana. Na gari likiwa na mzigo mwepesi unapata ugumu wote bila faida. Kila shimo linaenda moja kwa moja kwa chesi, na kwa mgongo. Mafundi wa weldingi wanakula kwa sababu ya chesi zilizopasuka nyuma ya kabini.

Na fikiria ambulansi. Mama ana uchungu, anatoka Hulugho au Balambala, masaa kadhaa nyuma ya 78 iliyoongezwa majani matatu na dereva wa zamani wa lori aliyetaka "gari liwe na nguvu". Dada yangu aliwahi kusafirishwa hivyo. Alisema barabara ilimuumiza kuliko mtoto. Mimi nilikuwa na miaka kumi na kitu, nikadhani anatania.

Basi tuje kwa bloku, na kwa ujinga wangu.

Mnajua zile kontenti za Cruiser zilizoinuliwa, matairi makubwa, zinapigwa picha jioni jangwani. Nilitaka hiyo. Abti yangu, ndugu ya mama, alinikubalia niguse gari lake kwa sababu nilimwambia litapita juu ya mawe vizuri. Bloku ni kipande cha chuma unachoweka kati ya ekseli na springi, unafunga na yu-bolti ndefu zaidi. Masaa mawili, gari liko juu kama inchi 3. Video ilifanya vizuri kuliko zote nilizowahi kuposti. Watu wa Eastleigh walinitafuta.

Ile bloku ilifanya nini? Iliisogeza springi mbali na kitovu cha ekseli. Ni kama kufungua nati na spana fupi, halafu mtu akakupa ndefu: nguvu ileile, mkono mrefu zaidi. Niliipa ekseli mkono mrefu wa kuisokota springi, na sikuongeza chochote cha kuizuia. Tena nikainua chesi mbali na difu, ikabadilisha pembe ya propela. Chuo nilikuwa nimefundishwa hii kitu. Nilikuwa darasani, wallahi, na sikuiunganisha na gari la abti hata siku moja.

Wiki ya tatu, abti anatoka upande wa Balambala na mbuzi 22 kuja soko la mifugo. Mbuzi 9 walikuwa wake, wengine wa majirani, watu waliomwamini. Kwenye laga moja alikanyaga mafuta kupanda ukingo, gari likaruka mara tatu, jointi ya propela ikapasuka, na propela ikaanguka ikapiga chini. Hakuna mtandao pale. Alikaa usiku mbili. Mbuzi hawakuweza kuachiliwa wote kwa sababu ya fisi, na mchana jua lilikuwa lile la Februari. Sita walikufa. Soko lilipita. Alilipa wenyewe mbuzi wao, wote, bila kunitajia mimi kwa mtu yeyote. Msichana wake alikaa nyumbani wiki mbili za muhula, karo ilikuwa ndani ya hao mbuzi.

Aliporudi hakunipigia kelele. Aliniita vile anavyoniita siku zote, maana sisi mjomba na mpwa tunaitana jina moja: "Abti, toa hizo mbao." Aliziita mbao. Sikuthubutu kumsahihisha.

Nilifuta video. Waliouliza mbona imepotea, ndiyo hiyo.

Baada ya hapo nikaanza kusoma kama mtu, na nikakuta hatuko peke yetu. Kwa modeli ya mwaka 1967 Chevrolet walitoa Camaro, gari la lami la vijana wa Marekani, na nyuma walikuwa wameliwekea springi ya jani moja kila upande. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu linarukaruka nyuma, ugonjwa uleule wa laga ya Balambala. Mwaka uliofuata wakapanga shoki za nyuma upya, moja ikawa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, ili zipigane na ule mzunguko. Vijana wa mbio walikuwa wamekwenda mbali zaidi: walifunga vyuma virefu kutoka kwa ekseli kwenda mbele, kuizuia isijigeuze. Nilicheka peke yangu. Wao waliupata ugonjwa kwa sababu ya kutaka kwenda mita 400 haraka. Sisi tunautafuta mtungi wa maji.

Sasa mlioniuliza nichague nini, nawaambia nilivyofanya na kwa nini, na gari lako si langu.

Kabla sijanunua kitu nilikagua kilichopo. Bushi za springi zilikuwa zimekwisha. Yu-bolti nilikuta zilezile za zamani zilizovutika na kufungwa tena, na hizo mtu akizifungua anatakiwa anunue mpya, hata kama fundi atakuambia ziko sawa. Yu-bolti ikilegea, ekseli inacheza juu ya springi, na senta bolti inabaki kushikilia peke yake kitu ambacho haikuumbiwa. Nina hakika nusu ya magari yanayoruka huku yanahitaji hiyo tu: bushi, yu-bolti mpya, na kukazwa tena baada ya kilomita mia chache za kwanza. Shoki zilizokufa nazo zinaacha springi icheze ngoma yake bila mtu wa kuisimamisha. Hizi si za kupostiwa, hazipigi picha.

Halafu springi. Fundi wangu, mzee ambaye amefanya malori tangu kabla nizaliwe, nilimweleza shida. Akafikiri, akachukua jani la zamani, akalikata nusu. Likakaa upande wa mbele tu, kutoka kwa kishikio cha mbele mpaka kwenye ekseli. Alikuwa akifanya hivyo kwa malori fulani bila kujua lina jina. Na ndiyo akili yenyewe: ule mkunjo wa herufi S unainua nusu ya mbele, kwa hivyo iimarishe nusu ya mbele, uiache ya nyuma iwe laini ibebe mbuzi bila kuwavunja. Ukitaka kusikiliza komenti ya "ongeza springi", isikilize hivyo.

Ya tatu ni kile chuma cha kuzuia. Mmoja tu, mnene, umeshikwa kwenye nyumba ya ekseli sehemu mbili, juu na chini, halafu unaenda mbele mpaka kwenye chesi. Tulikosea mara ya kwanza. Fundi wa weldingi aliuchomelea mwisho wa mbele ukawa kitu kimoja na chesi. Ekseli ikipanda na kushuka haiendi wima kama lifti, inaenda kwa upinde, na inasogea kidogo mbele na nyuma kwa sababu springi inarefuka ikilala. Chuma kikikataa kusogea, kitu lazima kiachie, na kiliachia: weldingi ilipasuka siku ya nne. Mara ya pili tuliweka kishikio kinachocheza kule mbele, kama kile cha nyuma ya springi. Ekseli ipande, ishuke, isogee, lakini isijigeuze. Inabidi urefu wa chuma usiwe mfupi sana, na kishikio kiwe na bushi, si chuma kwa chuma. Ukikosea hapo ni heri usiweke.

Kubadilisha nyuma yote iwe ya koili? Kuna watu Nairobi wanafanya, na kwa gari la safari za wikendi sina neno. Kwa gari la kazi huku, nimeshawaambia kuhusu kamba ya mpira na kipande cha mgunga.

Kuna wanaoniambia hizi ni habari za zamani, lami inakuja. Ni kweli inakuja. Katiba ya 2010 iliweka Hazina ya Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka kwa maji, barabara, hospitali na umeme kwa maeneo yaliyoachwa nyuma, kwa miaka 20. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa njia ya Isiolo, Wajir mpaka Mandera. Ukitoka hapa mjini kuelekea Modogashe kuna lami ambayo baba yangu akiwa na umri wangu asingeiamini. Nafurahi, sitakuwa mnafiki. Lakini barabara kuu ikiwa na lami, mbuzi bado wanatoka Balambala, na mvua za 2023 zilituonyesha kwamba hata ile njia ya kwenda Nairobi maji yakiamua yanaikata palepale Madogo, mkabala na sisi, na mji mzima unarudi kutegemea boti na gari refu.

Abti hakuniruhusu kugusa gari lake kwa karibu mwaka. Alinirudishia funguo mwezi uliopita tu, na ile klipu ya wiki jana tuliichukua makusudi kabla ya kuweka chuma, ndiyo maana mliona springi ikisokoteka. Jumamosi tulirudi laga ileile na chuma kikiwa mahali pake. Mbuzi 18. Alipanda ukingo mara moja, gari halikuruka. Nilikuwa nje na simu, nikaanza kupiga kelele za furaha.

Yeye alikuwa ameshasimamisha gari juu, amezima injini, anasikiliza.

"Kuna kitu kinagonga," akasema.

"Ni bushi, abti. Mpya huwa zinalia."

Alinyoosha mkono akataka spana, akaingia chini ya gari mwenyewe, na miaka yake 61. Ilikuwa yu-bolti ya kushoto. Robo mzunguko.

Klipu ya pili naiweka kesho.